Mwanangu aandika "mato", mwalimu amkata alama

SWALI

Asalaam aleikum walimu wa safu hii.

Mimi ni mkaazi wa Mombasa, nimezaliwa na kulelewa Mji wa Kale, na nyumbani kwetu hatuna lugha nyingine ila hiki Kiswahili chetu. Mwanangu wa kike yuwasoma gredi ya tano. Insha zake zarudi zimejaa wino mwekundu. Ameandika "mato", amekatwa. Ameandika "mtele", amekatwa. "Nalikwenda sokoni na bibi" imekatwa yote, na pembeni imeandikwa "Hiki si Kiswahili". Juzi mwalimu aliisoma insha yake mbele ya darasa, wenziwe wakamteka mpaka akalia.

Kinachoniuma zaidi ni kuwa sasa yuwamsahihisha bibi yake. Bibi akimwita "ndoo ule", yeye amjibu "sema njoo". Bibi amenyamaza, lakini naona ameumia. Na mtoto mwenyewe, wageni wakija, hazungumzi kabisa.

Mwalimu ni mtu wa bara. Yeye mwenyewe asema "kurara" kwa kulala na "mbamba" kwa baba, na sisi hapa nyumbani twamuigiza. Sasa yeye ndiye wa kutufunza lugha yetu? Nataka kwenda skuli nimwambie ana kwa ana. Baba watoto asema niwate, afadhali tuanze kusema na mtoto Kiingereza nyumbani ili mambo yaishe. Nishaurini.

Mama wa gredi ya tano, Mombasa

JIBU

Waalaikumu salaam, dada yetu.

Kabla ya kwenda shuleni, isome kwanza barua yako mwenyewe. Umeandika kwamba watoto "wakamteka". Jirani yako wa Mji wa Kale ataelewa papo hapo kuwa walimcheka. Msomaji wa Nakuru au Dodoma atashtuka, adhani mtoto ametekwa nyara. Hapo ndipo mwalimu ana hoja: shule inamwandaa binti yako aandike asomwe na watu wasiomjua wala kujua mtaa wake. Lakini hoja hiyo haikumpa ruhusa ya kuandika "Hiki si Kiswahili". Ni Kiswahili, tena kilichotungiwa mashairi karne nzima kabla ya hicho cha kitabu cha kiada kupata jina. Alichopaswa kuandika ni "Hiki si sanifu". Sentensi ya kwanza inamwambia mtoto kwamba kwao hakuna lugha. Ya pili inamwambia kuna namna nyingine ya kuandika ambayo bado anajifunza.

Inafaa umweleze binti yako, kwa lugha ya umri wake, hiyo sanifu ilitoka wapi. Wamisionari wa karne ya 19 walikuwa wamegawanyika. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikitetea Kimvita, yaani hicho chenu cha Mombasa, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1882. Edward Steere, aliyekuwa Unguja, alitoa kitabu cha Kiunguja mwaka 1870. Ubishi huo uliendelea mpaka mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika hapohapo Mombasa, ambapo Kiunguja cha mjini kilichaguliwa kiwe msingi wa lugha ya shule. Mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya pamoja ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, na vitabu vya shule vikawa vinapita kwake kutafuta idhini. Kiunguja kilishinda kwa sababu kilikuwa kimeshasafiri na misafara ya biashara hadi Kongo, na kwa sababu shule za Tanganyika zilikuwa zimekizoea tangu enzi za Wajerumani. Ilihitajika namna moja ya kuchapa vitabu kwa nchi nne, na moja ikachukuliwa. Hakuna aliyepima akaona "macho" ni neno bora kuliko "mato". Hata mtoto wa Makunduchi au wa Tumbatu, huko huko Zanzibar, hukuta darasani lugha isiyo ile ya nyumbani kwao.

Sasa kazi yenyewe. Chukua insha zake tatu za mwisho na penseli mbili za rangi. Kwa rangi moja zungushia kila neno ambalo ni la kwenu: mato, mtele, nalikwenda. Kwa rangi ya pili zungushia makosa ambayo ni makosa hata kwa bibi yake: herufi kubwa iliyosahaulika, nukta isiyokuwepo, "kitabu yangu", "hizo vitu", "gari ingine". Hayo matatu ya mwisho si Kimvita. Yametoka barabarani na kwenye televisheni, na bibi angeyakataa kabla ya mwalimu. Kazi hii ni muhimu kwa sababu wino mwekundu ni wa rangi moja. Mtoto akiona alama thelathini kwenye ukurasa huhesabu zote ni adhabu ya kwao, na mzazi naye huhesabu zote ni uonevu wa mwalimu. Ukizitenganisha, mara nyingi utakuta lahaja ni sehemu tu ya wino huo, na kwamba maneno yaleyale machache yanajirudia.

Kisha mfungulie daftari lenye safu nne. Ya kwanza iandikwe Nyumbani, ya pili Shuleni, ya tatu sentensi moja aliyoitunga mwenyewe, na ya nne tutaieleza sasa hivi, maana ndiyo watu wanayoiacha na ndiyo inayozuia balaa. Anzeni na haya: mato ni macho, mtele ni mchele, mtuzi ni mchuzi, mtanga ni mchanga, kitwa ni kichwa, kuteka ni kucheka, kufita ni kuficha, nti ni nchi. Kundi la pili: ndoo ni njoo, ndia ni njia, ndaa ni njaa, nde ni nje. Na machache yaliyo peke yake: kutinda ni kuchinja, kuata ni kuacha, kuvyaa ni kuzaa. Maneno matano kwa wiki yanatosha kwa mtoto wa umri huo. Ukimpa yote kwa siku moja atayakariri kama shairi na hatayatumia.

Balaa lenyewe ni hili. Mtoto mwerevu huona mara moja kwamba t ya nyumbani inakuwa ch shuleni, na nd inakuwa nj. Anafurahi, anaigeuza kuwa kanuni, na wiki inayofuata anaandika "nilikwenda kucheka maji kisimani" na "nikajaza njoo". Amesahihisha kupita kiasi. Kosa hili linamvunja moyo kuliko lile la kwanza, kwa kuwa alikuwa akijitahidi, na mwalimu asiyejua chanzo chake hudhani mtoto hajali. Safu ya nne ni ya maneno yasiyobadilika. Mbele ya kuteka kwa maana ya kucheka, aandike: "kuteka maji, hakubadiliki". Mbele ya ndoo ya kuitia mtu: "ndoo ya maji, haibadiliki". Tumbo hubaki tumbo, taa hubaki taa, tatu, kutaka, ndani, ndege na ndugu, vyote hubaki vilivyo. Mfunze neno kwa neno, usimfunze kanuni ya herufi.

Ajabu ni kwamba bibi yake hana tatizo hili mdomoni. Wazee wa Mombasa wanazo t mbili, moja ya ulimi kugusa meno na nyingine ya ulimi kurudi nyuma kidogo, na ndoo ya kuitia mtu hawaitamki sawasawa na ndoo ya maji. Alfabeti ya shule haina nafasi ya kuonyesha hilo. Vivyo hivyo paa la nyumba na paa wa porini: wa porini hutamkwa kwa pumzi, p'aa. Kaa la moto na kaa wa baharini: wa baharini ana pumzi, k'aa. Daftarini yote huandikwa sawa.

Katika vitenzi kuna mambo matatu. La kwanza ni nali-, ambalo shuleni ni nili-: nalikwenda ni nilikwenda. Hilo huzoeleka upesi. La pili ni yuwa-. Kwenu ni "yuwasoma", shuleni "anasoma". Mtego uko kwenye vitenzi vifupi: yuwala si "anala" bali anakula, yuwaja si "anaja" bali anakuja. Ile ku- hurudi, na mtoto aliyefunzwa tu kuweka ana- mahali pa yuwa- hukosea hapo kila mara, kwa hiyo kula, kuja, kunywa na kufa vipewe ukurasa wao. La tatu ni la kumtetea mtoto: "nasoma", "twaenda", "wasema" ni wakati wa -a-, nao umo katika sarufi sanifu. Mwalimu akivikata hivyo, amekosea yeye, na mtaweza kumwonyesha kwenye kitabu chochote cha sarufi. Angalieni hili msije mkamfundisha mtoto kutupa kitu ambacho hata shule haikumwomba akitupe.

Kuhusu bibi. Hapa hatutaki msubiri muhula umalizike. Mtoto wa miaka kumi akimwambia nyanyake "sema njoo", hajakosa adabu kwa makusudi. Amefundishwa darasani kwamba kuna watu wanaosema vizuri na watu wanaosema vibaya, akaangalia nyumbani akaona nani yuko wapi. Kumkaripia peke yake hakutamtoa kwenye imani hiyo. Atanyamaza mbele yenu na kuendelea kuona aibu, na kimya chake mbele ya wageni ndicho dalili. Mpe kazi inayombadilishia bibi cheo: bibi awe mwalimu wa safu ya kwanza ya daftari. Hakuna neno linaloingia "Nyumbani" mpaka bibi alitamke na kulitilia mfano. Mrekodini kwa simu akitaja vyombo vya jikoni, majina ya samaki, sehemu za dau, na mafumbo anayoyakumbuka. Halafu mchezeeni mtoto ule mchezo wa pumzi: bibi aseme paa au p'aa bila kuonyesha kwa mkono, mtoto aseme ni la nyumba au wa porini. Akipata sawa mara nyingi, mwambie ukweli kwamba sikio lake linasikia tofauti ambayo mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili hawaisikii. Na mwekeeni sharti moja lisilo na hasira: tunaandika kisanifu, hatumsahihishi mtu anapozungumza.

Sharti hilo linawahusu na nyinyi, dada yetu, na hapa tutasema wazi kwa sababu tunampenda mtoto huyu. Mnapomuigiza mwalimu mezani, mnamfundisha binti yenu jambo lilelile alilofundishwa na lile cheko la darasani: kwamba sauti ya mtu ni kipimo cha akili yake. Akishaliamini hilo kuhusu mwalimu, ataliamini kuhusu bibi, na hatimaye kuhusu nafsi yake.

Na "kurara" haitokani na uzembe. Kama lugha ya kwanza ya mwalimu ni Kikuyu, lugha hiyo haina l, na b na d kama zetu hazitokei ndani yake bila kutanguliwa na m au n. Ulimi uliokua hivyo husema "mbamba" pasipo kujisikia, kama vile mtu aliyekua na Kijaluo, lugha isiyo na sh wala z, anavyoweza kusema "samba" akikusudia shamba. Wewe ukijifunza Kikuyu chenye irabu saba, utazibana ziwe tano zako, na mtoto wa Nyeri atakusikia ukikosea tangu neno la kwanza. Anayeona makosa ya ulimi ni yule aliyekulia upande wa pili, na anayeamua kama makosa hayo ni ya kuchekesha au ya kuvutia ni mwenye nguvu mahali hapo.

Mwanaisimu wa Marekani, William Labov, alilionyesha jambo hili mwaka 1962 katika maduka matatu makubwa ya New York: Saks la matajiri, Macy's la watu wa kati, na S. Klein la bei nafuu. Aliwauliza wauzaji kilipo kitu alichojua kiko ghorofa ya nne, kwa kuwa jibu la Kiingereza, "fourth floor", lina r mbili, kisha akajifanya hakusikia ili warudie. Wauzaji wa Saks waliitamka r kuliko wa Macy's, na wa S. Klein kwa uchache zaidi. Huko r ilikuwa alama ya hadhi. Uingereza mambo ni kinyume: lafudhi ya wenye hadhi ndiyo inayoiacha r hiyo. Sauti ni moja, hukumu mbili. Kwetu pia yapo. Kijana wa Mombasa akifika Nairobi huambiwa ana "Kiswahili safi", na mdomo huohuo unaomsifu humwambia watu wa pwani ni wavivu. Sifa hiyo na dharau hiyo zinatoka mahali pamoja, katika kumjua mtu kwa lafudhi kabla ya kumjua. Binti yako atakutana na zote mbili, na ni vizuri azikute akiwa ameshaambiwa.

Basi nenda shuleni, lakini omba miadi, usiingie wakati wa vipindi, na beba daftari. Usianze na "kurara". Ukianza nalo mazungumzo yamekwisha, kwa kuwa utakuwa umemfanyia yeye alichomfanyia mtoto. Anza na daftari: mwonyeshe kwamba nyumbani mnafanya kazi ya sanifu na kwamba mnaunga mkono alama za uandishi. Halafu omba mambo matatu, kwa jina. Moja, penye neno la lahaja asikate kwa msalaba bali apige mstari na kuandika "lh", ili mtoto ajue ni la safu ya kwanza na si kosa la kutojua. Mbili, badala ya "Hiki si Kiswahili" aandike "Andika kisanifu". Tatu, insha ya mtoto isisomwe mbele ya wenzake kama mfano wa makosa. Hili la tatu usilipunguze. Mengine ni ya kupatana, hilo si la kupatana.

Unaweza pia kumpa njia ya kuitumia lahaja darasani: mhusika wa Mombasa katika insha ya mazungumzo aseme Kimvita ndani ya alama za kunukuu, na msimulizi aandike kisanifu. Walimu wengi wa bara hawajui vizuri lahaja za pwani, kwa hiyo orodha yako itamsaidia na yeye. Asipotaka kusikia, nenda kwa mkuu wa somo la Kiswahili, kisha kwa mwalimu mkuu. Ujue kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 iko upande wako: ibara ya 7 inaitaka serikali ilinde uanuwai wa lugha za wananchi, na ya 27 inakataza ubaguzi kwa misingi ya lugha. Kitabu hicho kiwe ndani ya mkoba siku ya kwanza, usikitoe ila ukilazimika.

Kuhusu Kiingereza nyumbani, mwambie baba watoto kwamba hakitatibu chochote. Insha ya Kiswahili itabaki vilevile, mtoto atakuwa na sanifu dhaifu na Kimvita dhaifu, na bibi atabaki bila wa kuzungumza naye. Kiingereza atakisoma shuleni kila siku.

Kuna faida ya mbele ambayo mwalimu mwenyewe ataitambua. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari wa mfumo wa 8-4-4 uliotangulia huu wa gredi, karatasi ya pili ya Kiswahili imekuwa na sehemu ya isimujamii, yaani lugha katika jamii, ya alama 10, na huko lahaja, lugha rasmi na mitazamo ya watu kuhusu lugha ni mambo ya kawaida. Katika fasihi, shairi likiwa na "mato" au "ndia", mtahiniwa asiyeijua lahaja huweza kuandika kuwa ni inkisari, yaani neno lililofupishwa, akakosa alama. Binti yako atajua mara moja kwamba ni uhuru wa mshairi kutumia lahaja. Ushairi wa Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, ameshausikia nusu yake kwa bibi bila kujua.

Usitarajie wino mwekundu ukatike kwa majuma mawili. Kusoma hubadilika mapema. Kuandika hukawia kwa sababu anapoandika anasikia sauti ya nyumbani, na akichoka au akikimbizana na saa maneno ya nyumbani hurudi. Ndiyo maana asijaribu kuyazuia wakati wa kutunga: aandike insha yake kwa mtiririko wake mpaka mwisho, kisha atenge dakika tano za kuipitia mara moja, akianzia sentensi ya mwisho kurudi ya kwanza. Akisoma kwa mpangilio wa hadithi, hadithi itambeba na atapita juu ya "mato" bila kuliona. Akirudi nyuma sentensi kwa sentensi, anatafuta vitu vinne tu: t za safu ya kwanza, nd za safu ya kwanza, nali-, na yuwa-.